Shanga za Mbavuni

Sitaandika alizaliwa wapi wala alikuwa wa ukoo gani. Hayo sikumuuliza, na ningemuuliza angenijibu kwamba hayanihusu. Mimi nilimjua kwa mikono yake. Miaka thelathini na zaidi nimeiona mikono hiyo ikifanya kazi, na miaka mingi kati ya hiyo nimeichukia. Nataka lijulikane tangu mwanzo, msomaji asije akadhani nimeketi hapa kumsifu mtu. Binti yangu wa mwisho ana matege. Miguu yake imepinda kwa nje kuanzia mapajani, akisimama wima mbwa mdogo anaweza kupita katikati ya magoti yake. Na mimi nimesema kwa kinywa changu, mbele ya watu wa Masimba, kwamba ni huyu mama aliyeipinda.

Watoto walimwita Magokoro, yaani nyanya kwa Ekegusii. Wazazi nao walimwita hivyo hivyo, hata waliokuwa rika lake. Hapa nitamwita Mkandaji, maana kukanda watoto wachanga ndiyo ilikuwa kazi yake, pale kwake Keumbu, chini ya barabara, kwenye mteremko wa migomba na majani chai.

Kwa wasiotoka huku nieleze kidogo. Kwetu Gusii kuna watu wanaosemekana wana jicho. Si wachawi, na wengine wao hawajijui. Mtu wa namna hiyo akimtazama mtoto mchanga, hasa aliye mweupe wa ngozi, vitu vidogo vidogo vilivyo karibu, punje ya wimbi, uzi wa blanketi, vumbi la sakafu, hunata kwenye ngozi ya mtoto na kuzama ndani. Hiyo tunaiita ebibiriria. Mtoto hukohoa, hulialia, hukonda, na tuliambiwa asipokandwa vitu hivyo vikatoka, hufa. Kwa hiyo mtoto mweupe hufichwa. Usicheke. Wapo wenye digrii mbili huku kwetu ambao mke akipita sokoni na mtoto wa namna hiyo amemfunika gubigubi, na ukiuliza utaambiwa ni baridi.

Mkandaji alikuwa na bakuli dogo la jiwe, lile jiwe laini linalochongwa Tabaka, limekuwa jeusi kwa samli. Alichota samli kwa vidole viwili, akaipasha kiganjani kwa kupuliza, halafu akaanza utosini, akashuka shingoni, mgongoni, tumboni, pole pole, akisukuma ngozi mbele ya kidole gumba kama mtu anayekunja chapati. Mwishoni alifungua kiganja na kukuonyesha. Kweli kulikuwa na vitu. Punje, nyuzi, mchanga. Nimeviona kwa macho yangu. Sasa kama vilitoka ndani ya mtoto au vilitoka kwenye blanketi, mimi ni muuza mbao, sikuulizwa.

Aliongea na watoto kama anaongea na wazee wa baraza. "Haya mzee, nani alikutazama? Taja jina tumkomeshe." Mtoto akilia alimwambia, "Lia, lakini usinirukie, mimi si wa chama chako." Akina mama walicheka na wasiwasi ukawatoka. Nadhani nusu ya dawa yake ilikuwa hapo.

Kwa wakubwa hakuwa na huruma hiyo. Mama mmoja alimletea mtoto akiwa na kucha ndefu zenye uchafu. Mkandaji akamshika mkono, akautazama. "Hizi ni za mama au za mwewe?" Akampa maji na sabuni kwanza. Mke wa mwalimu mmoja aliwahi kumuuliza kama samli ile ni safi, imechemshwa. Alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni akamwambia, "Na mwalimu alikuoa ukiwa umechemshwa?" Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, na mtoto akakandwa.

Alikuwa Msabato wa kweli kweli. Jumamosi hakugusa samli hata ukimlilia. "Jicho lingoje," alisema, "jua lizame." Lakini siku moja katikati ya ibada mtoto wa watu alianza kupindua macho na kukauka mwili, naye akainuka kwenye kiti chake cha mbele, akamchukua mtoto, akatoka naye nje. Mzee wa kanisa alimwita baadaye, akamuuliza kwa nini aliondoka maombi yakiendelea. Akajibu, "Nilikuachia wewe. Ulikuwa unaendelea vizuri." Kanisa hilo hilo lilikuwa likihubiri kwamba mambo ya ebibiriria ni giza la zamani. Yeye alikaa pale mbele, anaitikia amina, na jioni ya Jumapili wake wa wahubiri walikuwa wamejipanga nyumbani kwake na watoto wao mgongoni. Nilimuuliza hilo. Akasema yeye hapigi ramli, anakanda tu, na hajaona andiko linalokataza samli.

Hakutaka shukrani. Ukimshukuru alikasirika. Alichukua samli kidogo ya kumkandia mtoto atakayefuata, basi. Watoto wake mwenyewe sikuwahi kuwaona. Walikuwapo waliosema alizika wawili wakiwa wadogo kabla hajajifunza kukanda, lakini yeye hakunieleza na mimi si mtu wa kupekua makaburi.

Alikuwa na tabia ya kukagua nyumba za watu. Akiingia kwako hakukaa kabla hajazunguka. Kwa huyu alisema moshi wa jiko unarudi ndani, kwa yule alisema ng'ombe wamefungwa karibu mno na mlango. Kwangu alinuna juu ya mbao. Alisema nimezijaza nyuma ya nyumba mpaka hakuna pa kukaa mama na mtoto. Nilimjibu kwamba ni hizo mbao zinazomlisha huyo mama na huyo mtoto. Hakurudia. Mimi nami sikukumbuka tena.

Na alifuga kuku. Hili ndilo lililonichoma zaidi, nitaeleza sababu. Kila asubuhi baridi ya kwetu ikianza kulegea, alitoa kikapu cha vifaranga, akakiweka mahali jua linapogusa kwanza, akakaa karibu kufukuza mwewe. Siku moja mke wangu alikuwa kwake, akamuuliza kwa nini asiviache ndani penye joto. Mkandaji akamwambia, "Kifaranga akikaa ndani tu, miguu inalegea. Haamki." Mke wangu alinisimulia maneno hayo baadaye. Alisema aliyasikia akiwa amempakata binti yetu, amemfunika kichwa na miguu.

Sasa nifike hapo.

Mimi niliacha shule darasa la nne. Nilianza kwa kubeba mbao za watu begani kutoka misituni hadi barabarani, na leo nina uwanja wangu wa mbao pale Masimba na nyumba ya mawe ya ghorofa moja juu, na hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo si kwa kujisifu, ingawa najisifu. Binti yangu alipozaliwa nilikuwa ndiyo kwanza ninapanda. Nilikuwa nimeinunua ile ploti, nimejenga nyumba ya mbao na mabati mbele ya barabara, duka na makao pamoja, dirisha moja dogo. Nyuma nilipanga mbao za mkaratusi na za msaiprasi hadi kwenye uzio. Watu wa sokoni walikuwa wananitazama. Niliwaona. Mtu aliyetoka kubeba mizigo akimiliki uwanja, anatazamwa.

Mtoto akatoka mweupe. Mweupe kuliko ndugu zake wote, mpaka majirani wakatania kwamba alipitia dukani kwa Mhindi. Mama yangu aliogopa, mke wangu akaogopa, na mimi nikaogopa kuliko wote wawili, ingawa nilijifanya ni mambo ya wanawake. Tulimpeleka Keumbu. Mkandaji akamkanda, akasema huyu ni wa kuangalia sana, msimpitishe mbele za watu, mfiche mpaka aanze kutembea na mwili ukomae.

Tukamficha. Nilipiga pazia nzito kwenye lile dirisha moja kwa mkono wangu. Mke wangu alipika humo humo, akafua jioni, akatoka mara chache na mtoto alibaki na mama yangu ndani. Wateja walikuja siku nzima, na kila mteja kwangu alikuwa na macho. Mwezi ukapita, miezi sita ikapita, mwaka. Masika ya kwetu unayajua, ukungu asubuhi, mvua mchana. Mtoto hakuona nje isipokuwa siku ya kupelekwa Keumbu, na siku hiyo alifunikwa kama maziwa.

Alikuwa ananyonya vizuri, ana mashavu. Lakini hakukaa upesi. Hakusimama. Kichwa kilitoa jasho mto ukalowa. Vifundo vya mikono vikavimba, ukimshika ni kama amevaa bangili chini ya ngozi. Mkandaji aliongeza siku za kumkanda. Akawa anakuja kwangu mwenyewe kwa gari mara moja kila wiki. Siku moja alimpitisha kidole ubavuni, akasimama hapo. Akarudia. Akamwita mke wangu, akamwekea kidole mahali pale.

"Unasikia?"

"Nasikia vitu. Kama shanga."

"Zimeingia mpaka kwenye mbavu," Mkandaji akasema. "Kuna mtu anamtazama huyu mtoto bado. Nani anaingia humu ndani?"

Zilikuwa kweli kama shanga, mstari huku na mstari huku, kifuani. Nilizigusa pia. Yeye alijaribu kuzitoa. Alikanda mpaka mtoto akalala kwa uchovu. Wiki iliyofuata shanga zilikuwapo, kubwa zaidi, na yeye akasema basi tufunge hata mlango, wasiingie hata shangazi zake. Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Kadiri alivyozipata ndivyo tulivyomficha, na kadiri tulivyomficha ndivyo zilivyokua. Akazihesabu kila wiki kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama mtu anayehesabu mayai ya mwenzake.

Mtoto alikuwa amekaribia miaka mitatu na bado anatambaa, miguu imepinda, ndipo nilipombeba hadi hospitali moja mjini Kisii. Daktari alikuwa msichana, nilidhani ni karani. Alimshika kifundo cha mkono. Akambonyeza kichwani. Akapitisha kidole mbavuni, akasimama mahali pale pale aliposimama Mkandaji.

"Huyu mtoto hutoka nje?"

Mke wangu alinitazama mimi.

"Kwa nini atoke nje?" nikauliza.

"Mzee, mifupa yake ni laini. Huu ni ugonjwa wa matege. Ngozi ikipigwa na jua, mwili unatengeneza vitamini D, na hiyo ndiyo inayoufanya mfupa ukaze. Yeye hana. Hivi vinundu ni ncha za mbavu zake, zimevimba kwa ugonjwa."

Nilikasirika. Nikamwambia, "Mimi natoka Masimba. Jua lipo juu ya kichwa changu kila siku, halijawahi kuisha. Unaniambia mtoto wangu amekosa jua?"

"Jua liko nje, mzee," akasema. "Mtoto yuko ndani."

Alinipa dawa ya matone na akasema mayai, maziwa, na jua, miguu na mikono wazi, kila siku. Nikararua pazia siku hiyo hiyo. Nikamtandikia mtoto mkeka mbele ya duka, hadharani, na aliyetaka kumtazama akamtazama. Baada ya miezi kadhaa alisimama. Vifundo vikapungua. Shanga zikazama bila samli. Lakini tulikuwa tumechelewa. Mbao ikikauka imepinda, hata uifunge na mawe juu, inabaki na kumbukumbu yake. Miguu ilinyooka nusu, nusu ikakataa.

Nilishuka Keumbu. Nilimkuta amekaa na kikapu chake cha vifaranga juani. Nilipoviona vile vifaranga, nilisema kila kitu. Nilimwambia ameharibu mtoto wangu, nilimwambia mikono yake ni mikono ya giza, nilimwambia asikanyage kwangu tena. Watu walitoka majumbani mwao. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake. "Nilikosea." Hilo tu. Angelisema ningerudi nyumbani.

Aliningoja ninyamaze. Akauliza, "Umemaliza?" Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na kopo la samli niliyokuwa nimempelekea, akaliweka miguuni pangu. Akarudi kwenye vifaranga.

Nimeishi na kunyamaza kwake huko kuliko nilivyoishi na maneno ya mtu yeyote.

Kumbe hakuacha kuja. Binti yangu alikuwa na miaka sita hivi aliponiambia mezani, akiniita tata kama watoto wetu wanavyomwita baba, mdomo umejaa ugali, "Tata, leo Magokoro amenikanda magoti, amesema nina magoti ya askari." Mke wangu akainama kwenye sahani. Nikagundua kwamba kila Jumanne nikienda msituni kununua miti, Mkandaji alishuka Masimba, akaingia kwa mlango wa nyuma, akamkanda mtoto miguu kwa maji ya moto, akapanda gari na kurudi kabla sijafika. Mama mzima, kwa miaka mitatu, anaingia kwangu kama mwizi kuja kukanda miguu. Niligomba mpaka majirani wakaja. Jumanne iliyofuata nilikwenda msituni kama kawaida. Jumanne nyingine pia. Sikubadilisha siku. Sitaki kuulizwa kwa nini.

Shuleni walimwita Koleo, kwa ajili ya ile miguu. Alirudi siku ya kwanza akilia, siku ya pili akarudi na damu ya mwenzake kwenye sare. Alisoma mpaka mahali ambapo mimi sijui hata panaitwaje. Sasa anafanya kazi ofisini Kisii mjini na anakaa Kiogoro na mume wake, mtu mpole, fundi wa umeme. Akitembea anayumba upande na upande, na akipanda ngazi anashika ukuta. Hajawahi kunilaumu. Hilo nalo ni zito, usidhani ni jepesi.

Mwaka huu alipata mimba. Madaktari walimpima wakasema nyonga zimebanwa, zilikaa vibaya tangu utoto, mtoto hatapita. Wakampasua. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikijua vizuri kabisa kisu kile kilianzia wapi. Kilianzia kwenye bakuli la jiwe. Ndivyo nilivyojiambia, na nilijiambia kwa sauti, maana mkwe wangu aligeuka akaniuliza nimesema nini.

Akatoka mtoto wa kike. Mweupe.

Wiki chache baadaye binti yangu alinipigia simu. "Tata, nataka Magokoro amkande kabla hajafa."

"Kabla nani hajafa?"

"Yeye, tata. Si mtoto. Nasikia amezeeka sana."

Nikamwambia amerukwa na akili. Nikamwambia ana alama ya kisu tumboni na bado anataka kurudi kwa aliyeiandika. Akaningoja nimalize, kama yule mwingine. Akasema, "Naenda Jumapili asubuhi. Ukitaka kuja, uje. Kama hutaki, utatazama picha." Nikaja. Nilikuja kwa sababu sikutaka mjukuu wangu afungiwe. Na nilikuja kwa lile neno langu moja. Nilijua nisipolipata sasa halitapatikana tena.

Tulishuka mteremko. Binti yangu alitangulia, mtoto kifuani, akiyumba upande na upande kwenye njia ile ya utelezi, na mimi nyuma nikitazama miguu yake njia nzima. Nyumba ilikuwa imefungwa. Tulizunguka nyuma. Huko, katikati ya migomba, kulikuwa na kiwanja kidogo kimefagiliwa. Pande tatu zilikuwa zimezibwa kwa magunia yaliyoshonwa pamoja na kufungwa kwenye migomba, marefu kumzidi mtu, na juu wazi. Jua la asubuhi lilikuwa limejaa humo kama maji kwenye beseni. Alikuwa amekaa mkekani, miguu imenyooshwa, bakuli la jiwe pembeni. Amekuwa mdogo. Macho yalikuwa yameingia ukungu.

"Bwakire, Magokoro," binti yangu akamwamkia, akaketi karibu naye.

Alinyoosha mkono, akamgusa goti kabla hajamgusa uso. "Askari wangu," akasema. Halafu akageuza kichwa. "Na huyu amesimama kama nguzo ni nani?"

"Ni tata."

"Mbao." Ndivyo watu wa Masimba wanavyoniita, lakini yeye hakuwahi kuniita hivyo. "Kaa chini, Mbao."

Sikukaa. Binti yangu akamvua mtoto, akamweka mapajani pa bibi. Mkandaji akachota samli, akaipuliza, akaanza utosini. Mikono ilikuwa ile ile, inatetemeka kidogo mpaka iguse ngozi, ikigusa inatulia. Nikaona nikingoja zaidi sitasema.

"Nimekuja kusikia neno moja," nikasema. "Vifaranga ulijua kuvianika. Mtoto wangu ukamfungia ndani."

Mikono haikusimama. Ilishuka shingoni, ikashuka mgongoni.

"Nilisema afichwe macho ya watu," akasema. "Mtoto wa namna hiyo tangu zamani hukaa nyuma ya nyumba na mama yake, kwenye migomba. Hakuna anayemwona. Jua la asubuhi linamkuta huko huko, hata hakuna anayelifikiria. Kwako nyuma ya nyumba kulikuwa na nini?"

Nilitazama magunia.

"Nakuuliza, mogaka. Wewe mzee wa nyumba."

"Mbao."

"Na asubuhi ulikuwa unazifanyia nini?"

Kuku mmoja aliingia chini ya gunia, akatutazama, akatoka. Nilijua jibu kuliko mtu yeyote. Kila asubuhi niliziegemeza mbele ya duka, nikazigeuza upande huu na upande huu, na jua likikaza nikazirudisha kivulini zisipasuke. Najua mbao ya msaiprasi inataka jua kiasi gani. Hakuna mtu Masimba anayejua hilo kama mimi.

Binti yangu hakuinua kichwa. Alisema taratibu, "Alikuwa anazianika, Magokoro."

"Ee," Mkandaji akasema. "Nilipita katikati yake kila wiki kuingia kwako. Zimepangwa vizuri, zinaota jua."

Akamgeuza mtoto kifudifudi, akamrudisha chali. Kidole gumba kikapita mbavuni, pole pole, upande huu, kisha upande ule. Alikuwa anatafuta. Mimi na binti yangu tulitazama kidole hicho mpaka kikafika mwisho.

"Hamna kitu," akasema. "Zile za huyu mama yake nilizihesabu kila wiki. Nilidhani ni za watu. Kumbe zilikuwa zake mwenyewe. Hapo nilikosea."

Basi ndilo hilo. Nililingoja karibu miaka thelathini, na lilipokuja lilikuja limefungwa pamoja na langu, sikuweza kulichukua moja bila jingine.

"Ulikuja ukanitukana ukasema daktari amesema ni jua," akaendelea. "Sikukujibu. Nilikuwa na aibu, na wewe unapenda kupigia watu kelele. Lakini tangu siku ile sijakanda mtoto ndani ya nyumba. Nilishona haya magunia. Kila anayeletwa anakandwa hapa, uchi, na mama anaambiwa akatafute pa namna hii kwake. Waulize Keumbu yote kama kuna mwingine mwenye miguu kama ya huyu."

Nilifikiria watoto wote hao. Wapo wengi, wengine sasa ni watu wazima, wananunua mbao kwangu. Wamenyooka wote. Wamenyooka kwa miguu ya binti yangu, na hakuna hata mmoja anayejua, na mimi nimewauzia na kuwatania na kuwatazama wakiondoka na hatua zao nzuri. Nilitaka kumwambia kwamba hilo si jibu, kwamba mtoto wa mtu si mahali pa kujifunzia kazi. Nilifungua mdomo. Niliona binti yangu amelaza mkono wake juu ya mkono wa yule mama, na yote miwili iko juu ya tumbo la mtoto, na mtoto amelala.

Mkandaji akakunja uso. Alipapasa mguu wa mtoto, akapanda gotini, akapanda pajani, akasikiliza kwa vidole.

"Songa, Mbao," akasema. "Mtoto amepoa."

Nilitazama chini. Kivuli changu kilikuwa kimemlalia kutoka kichwani hadi miguuni.

Nikasonga.